Kwa Mwandishi Anayeambiwa Kwamba Majini ni Mambo ya Watoto

Waandishi chipukizi wanaoniletea miswada yao niisome wana malalamiko mengi, lakini moja hurudi mara kwa mara kuliko mengine. Wakimpelekea mchapishaji au mwalimu wa fasihi hadithi yenye jini, mzimu au nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, huambiwa kwamba kipaji wanacho, ila sasa waandike jambo la maana. Nami niliwahi kuambiwa hivyo na mhariri mmoja aliyenishauri niupunguze mswada wangu, niutie picha na kuuelekeza kwa wanafunzi wa shule za msingi, ingawa ulihusu mjane anayedaiwa deni na maiti. Nimeishi na hukumu hiyo kwa muda mrefu, na nimesoma vya kutosha kuamini kwamba si ya haki. Kwa hiyo napenda kueleza ilikotokea na jinsi mwandishi wa fantasia, yaani hadithi za mambo ya ajabu kama hizo, anavyoweza kufanya kazi yake bila kuiogopa.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba dharau hii haikutoka kwa wazee wetu wa pwani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, na humo yumo paa anayemtajirisha maskini kisha akafa kwa kutelekezwa na maskini huyo huyo, na yumo Nunda mla watu. Waliomsimulia walikuwa watu wazima, na uchungu uliomo katika kisa cha yule paa ni uchungu wa watu waliokwisha kuonja utovu wa shukrani. Muhammad Kijumwa wa Lamu naye, alipotunga Utenzi wa Liyongo mwaka 1913, shairi refu la shujaa asiyedhurika kwa silaha, hakuwa akiwabembeleza watoto walale.

Mambo yalibadilika hadithi zilipoingia shuleni. Ngano zilichukuliwa kuwa nyenzo za kumfundishia mtoto kusoma, na msomaji aliyekutana na zimwi katika darasa la pili alikua akiamini kwamba zimwi ni la darasa la pili. Baadaye, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fasihi ya Tanzania ilitakiwa kushiriki katika ujenzi wa taifa, na uhakiki uliotawala vyuoni ukawa ule unaopima kazi kwa namna inavyoisawiri jamii na matabaka yake. Siwalaumu wahakiki wale, kwa sababu nchi changa ilikuwa na maswali mazito na ilikuwa na haki ya kuwauliza waandishi wake. Hata hivyo kipimo kile kilibaki hata baada ya wakati wake kupita, na mwanafunzi wa leo anayefundishwa kutafuta dhamira, ujumbe na msimamo wa mwandishi hupata shida kujua la kufanya na mhusika anayetembea juu ya maji bila kuwakilisha chama chochote cha siasa. Ongeza hapo hofu ya wazazi wacha Mungu, ambao wakiona neno uchawi kwenye jalada hukirudisha kitabu rafuni.

Lakini sababu inayoniuma zaidi ni nyingine. Fantasia iliyoandikwa vizuri haibaki katika hesabu ya fantasia. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, na nchi ile iko angani, wajumbe wake wakisafiri pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakirudi na habari ambazo wakubwa hawataki kuzisikia. Tumezoea kuisoma kama hoja dhidi ya udhalimu wa watawala, na ni hoja hiyo kweli, lakini anga lenyewe tumelifanya kama gamba la kutupwa baada ya kula kilichomo. Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, tulisema ni falsafa. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake, na Bina-Adamu! ya Wamitila tuliziweka kwenye uhalisia-ajabu, yaani uandishi unaochanganya maisha ya kawaida na miujiza, na majaribio ya kiusasa. Kila kilicho bora kinahamishwa, kisha hadithi za mfululizo zilizoandikwa kwa haraka magazetini na katika makundi ya simu zinaachwa peke yake zikiwakilisha utanzu mzima, halafu tunazinyoshea kidole na kusema kwamba fantasia haina uzito. Kwa utaratibu huo hakuna utanzu ambao ungesalimika.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kusoma upya vitabu hivyo kwa kuuchukulia muujiza kama muujiza. Chukua pia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Wivu umewafanya ndugu wawili wamtendee Adili ubaya, na adhabu yao ni kugeuzwa manyani, naye Adili analazimika kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini. Mtu mwema anashika mjeledi, mbele yake wako manyani ambao macho yake yanajua kuwa ni ndugu zake, na hana ruhusa ya kuwasamehe. Je, riwaya ya maisha ya kawaida ingeweza kutuwekea swali la haki na huruma kwa ukali huo? Ndugu wa kawaida wangeshtakiwa, wangefungwa, na kaka yao angekwenda kuwatazama gerezani mwisho wa mwezi akiwa na mkate mkononi. Jini amemnyima Adili njia hiyo ya kukaa mbali na adhabu. Anayesema kwamba manyani wale ni pambo tu la hadithi ya maadili hajaisoma sehemu hiyo kwa utulivu.

Pili, wewe unayeandika, uwekee uwezo wa mhusika wako mpaka. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sharti hilo ndilo linalosukuma kisa chote, kwa kuwa siri ya namna hiyo haijulikani na adui, na kitovu cha shujaa hakifikiwi ila na mtu anayeweza kumkaribia akiwa amelala. Hivyo muuaji hana budi kuwa mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Hata Liyongo anapokufa kisimani, amepiga goti na mshale uko katika upinde, watu wanashindwa kwenda kuteka maji kwa kumhofia, hadi mama yake anapoitwa kumsihi. Kanuni moja ya kimuujiza imezaa usaliti, tamaa, hofu ya mji mzima na msiba wa mama. Miswada mingi ninayosoma huanguka hapa. Mganga anaweza kila kitu, jini anafika sura ya mwisho na kumwokoa shujaa, na msomaji anafunga kitabu bila kuwahi kuogopa. Hiyo ni kasoro ya kweli, na mtu akikukosoa kwa hilo msikilize, wala usijitetee kwamba anaudharau utanzu wako.

Nashauri pia usikimbilie theluji, ngome za mawe na majoka yanayotema moto kwa sababu umeyaona katika filamu. Ukikaa na wavuvi watakueleza habari za chunusi anayevuta watu majini, na kwa wataalamu wa ngoma za pepo utasikia kwamba rohani, anayependa usafi na manukato, hahudumiwi kama pepo mwingine. Elimu hiyo ina mpangilio, ina masharti na ina bei ya kulipa kwa kila kosa, ambavyo ndivyo vitu mwandishi wa fantasia anavyohitaji. Iulizie kwa heshima, kwa kuwa wako wanaoiishi na si hadithi kwao.

Mwisho, kuna swali utakaloulizwa na kila mhariri: jini huyu anawakilisha nini? Usitoe jibu la haraka ili ukubaliwe. Nimeona mwandishi mzuri akimgeuza kiumbe wake wa ajabu kuwa mfano wa rushwa kwa sababu aliombwa, na kurasa zilizokuwa zikitisha zikawa hotuba. Eleza kiumbe huyo anataka nini, anamdai nani, na nani ataumia asipolipwa. Maana nyingine mwachie msomaji aitafute. Kisha, katika barua unayoambatanisha na mswada, andika waziwazi kwamba hiyo ni riwaya ya fantasia na kwamba umewaandikia watu wazima.