Uliza Fundi: Kompyuta nzito, RAM yasingiziwa

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na nusu yazo ni kilio kile kile: kompyuta nzito, nimeambiwa RAM, nimenunua RAM, bado nzito. Basi tuanzie hapo, wengine mnivumilie kidogo.

*Fundi asalaam aleikum. Mimi ni mama nauza viazi karai na mahamri hapa Bombolulu, Mombasa. Nilimnunulia kijana wangu laptopu ya ex-UK, mtumba wa Uingereza, asomee chuo. Siku hizi yuwaiwasha, yuwaenda kuoga, akirudi bado yazunguka tu. Yeye aniambia memori imejaa tununue RAM. Binamu yake asema hadiwea ni nzima, ni softwea ndo mbovu. Mimi hivyo vitu viwili sivijui, najua tu pesa ni yangu. – Mama Viazi, Bombolulu*

Waaleikum salaam mamangu. Pesa ni yako, kwa hivyo uelewe wewe kabla ya hao vijana wawili.

Hadiwea ni kile unachoweza kukishika. Skrini, kibodi, waya, na vile vya ndani ambavyo huvioni mpaka mtu afungue skurubu. Softwea ni maagizo, yale ya kuiambia hiyo hadiwea ifanye nini. Wewe jiko lako, karai, mwiko na mafuta ni hadiwea. Vile unavyojua unga uwe mzito kiasi gani, chumvi iingie lini, kiazi kitolewe kikiwa na rangi gani, hiyo ni softwea. Mtu akikuibia karai ujuzi hajauchukua, lakini jioni hiyo huuzi kitu. Na ukimwachia karai zuri mtu asiyejua kupika, pia hauzi kitu. (Shuleni tulifundishwa kusema maunzi na tarakilishi, maneno mazuri, lakini nenda nayo madukani pale Mwembe Tayari uone kama utaletewa kitu.)

Sasa ingia ndani ya laptopu. Prosesa ndo mikono yako, ndo inayofanya kazi. Diski ni gunia la viazi, kilichomo kinakaa tu, jiko liwake lisiwake. RAM ndo karai, kinawekwa kile kinachopikwa saa hizi na hicho tu. Karai likiwa dogo utakaanga vitano vitano na foleni ifike barabarani, hata uwe na magunia kumi nyuma ya mlango. Alafu RAM ina tabia moja, stima ikikatika inasahau yote. Ndo maana kijana akiandika kazi yake bila kusevu, na betri za hizi ex-UK nyingi zimechoka, stima ikienda yeye aanza upya.

Kwa hivyo "memori imejaa" hapo kijana amechanganya gunia na karai. Picha za harusi na muvi hazijazi RAM, zinajaza diski. RAM yajazwa na vilivyofunguliwa, hasa brauza yenye tabu ishirini, na jina lenyewe limezifaa.

Usinunue kitu bado. Mwambie awashe, asubiri itulie, afungue vile avifunguavyo kila siku, alafu abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitatokea kidirisha kinaitwa Task Manager, kina asilimia. Ikiwa Memory imekaa 90 kwenda juu, basi karai ni dogo kweli, na kama ni GB 4 mkiongeza ikafika 8 mtaona tofauti. Lakini ikiwa Memory iko 50 ama 60 hivi na Disk imesimama 100 dakika baada ya dakika wakati yeye hafanyi cha maana, RAM yasingiziwa mamangu. Diski za zamani ni sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kimkono kinakimbia huku na huku kutafuta kitu, ukiweka sikio karibu na kibodi usiku kukiwa kimya utakisikia, krr krr krr. Hiyo ikitolewa ikawekwa SSD, ambayo haina kinachozunguka, ni chipu tupu, hata kabla hajapata taulo laptopu imeshawaka.

Nikupe na aibu yangu. Miaka ya mwanzo mteja alikuja na kilio kama chako, nikamuuzia RAM bila kutazama chochote, akarudi baada ya siku tatu ameikunja risiti mkononi hasemi kitu, aniangalia tu. Nlimrudishia pesa zake, na hiyo RAM ikakaa kwenye droo yangu karibu mwaka. Tangu siku hiyo situmi mtu dukani kabla ya kuangalia hizo asilimia.

Na binamu msimkatae. Kwenye Task Manager hiyo hiyo kuna sehemu ya Startup, orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe laptopu ikiwaka. Zile asizozihitaji azizime, antivairasi aiwache. Hii ni bure, ianze hii.

Ikifika kununua RAM kweli, nendeni na ile ya zamani mkononi. Aina za RAM kama DDR3 na DDR4 haziingiliani, kile kipengo cha chini kiko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Muulize fundi pia kama laptopu hiyo ina nafasi ya kuongeza, zingine RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, hapo hakuna la kufanya.

*Fundi, mimi ni mwanafunzi naishi Likoni. Kwenye mtihani tuliulizwa BIOS ni hadiwea ama softwea, nikaandika hadiwea nikakosa. Lakini si iko ndani ya chipu? Halafu kompyuta yangu ya mezani kila nikiwasha tarehe imerudi 2009 na tovuti zakataa kufunguka zasema si salama. Nimebadilisha Windows mara mbili. – Mwana wa Feri*

Mwanangu, hukukosa mbali. BIOS ni programu, ila imeandikwa kwenye chipu ya madabodi badala ya kuwa kwenye diski. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha ndo ya kwanza kuamka, inakagua RAM ipo, kibodi ipo, alafu inaenda kwenye diski kuitafuta Windows na kuiachia usukani. Chipu ni hadiwea, maagizo yaliyo ndani ni softwea. Wenyewe huita aina hiyo famuwea.

Hilo la tarehe ndo limenifurahisha, samahani. Windows mara mbili! Fungua kasha, tazama madabodi, utaona betri duara kama shilingi, imeandikwa CR2032, volti 3, ile ile ya mizani ndogo na rimoti za gari. Hiyo ndo inaendesha saa ya kompyuta ikiwa imezimwa. Ikifa, kila asubuhi mashine inaamka haijui leo ni lini. Na tovuti huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta ikidhani tuko 2009 yaona cheti hakijaanza kutumika, yakataa. Chomoa stima, toa betri, weka mpya, maandishi yatazame juu, washa, rekebisha tarehe. Ugonjwa ni wa hadiwea lakini umevaa nguo za softwea, na wengi huliwa pesa hapo.

*Assalam aleikum fundi. Nina duka la vitambaa Mji wa Kale. Kompyuta ya duka tangu zile mvua za mwezi wa tano ikiwashwa yalia pii pii, feni yazunguka, skrini nyeusi. Kijana mmoja amekuja akasema CPU imekufa ninunue nyingine. – Mzee wa Vitambaa*

Waaleikum salaam mzee wangu. Kwanza kijana huyo alimaanisha nini aliposema CPU? Sisi hapa tumezoea kuliita kasha zima CPU, ilhali CPU ndo hiyo prosesa, kijiwe kidogo cha kulala kiganjani mwako, na nadra sana kufa. Nadra. Kinachokufa kabla yake ni feni, diski, na pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kasha.

Huo mlio una maana, ni BIOS ndo yaongea. Skrini bado haijapata picha kwa hivyo haina njia nyingine ya kukwambia, yalia. Idadi ya milio hutofautiana na kampuni iliyotengeneza, lakini kwa kompyuta ya Mji wa Kale, karibu na bahari, baada ya mvua, mimi mkono wangu unaenda kwa RAM kwanza. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na zile meno za RAM za rangi ya dhahabu hushika utando mwembamba, umeme ukawa haupiti sawasawa.

Fanya hivi, ama umwite mjukuu. Chomoa waya wa stima kabisa, usizime swichi tu. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache imalize umeme uliobaki. Fungua ubavu wa kasha, shika chuma cha kasha kwanza ili mwili wako usipeleke umeme wake kwenye chipu. RAM ni kile kibao kirefu chembamba kilichosimama, kina vibano mwishoni, vifungue, kitoke. Chukua raba ya kufutia ya mtoto wa shule, ile nyeupe laini, sugua yale meno pande zote mbili taratibu, utaona raba inakuwa nyeusi. Pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, na wewe vitambaa hukosi. Rudisha, sukuma mpaka usikie ta! pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na ujaribu kila tundu.

Pawasaplai usiifungue mzee wangu. Ile yenye waya mwingi wa rangi rangi, ndani yake umeme hubaki hata ikishachomolewa. Hiyo mwachie fundi.

Ikikataa hata baada ya hayo, sasa waweza kumwita huyo kijana, ila akuonyeshe kibovu kwa kuweka kizima mahali pake mbele ya macho yako.

*Niko Mtwapa, laptopu yangu ina Windows 10, nimeambiwa imeisha na laptopu ni ya kutupa. Kweli?*

La, ndugu yangu. Kilichoisha ni Microsoft kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ila waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja. Hadiwea yako haijui hata kama kuna tangazo. Itawaka, itafungua Word, ila bila nyongeza hiyo tundu jipya la wezi likigunduliwa halizibwi, kwa hivyo mambo ya benki usifanyie humo.

Windows 11, iliyofuata hiyo 10, yataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, RAM GB 4, diski GB 64, na prosesa isiyo mzee sana, kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 kuendelea kwa nyingi zao. Soma jina la prosesa yako, tarakimu ya kwanza baada ya kistari (ikiwa ni 1, soma mbili za kwanza): i5-6300U ni kizazi cha 6, haikubaliki, i5-8350U ni cha 8, yaingia. Kuna mafundi huilazimisha kwenye mashine za zamani, na huingia kweli, lakini Microsoft haikuahidi kwamba itaendelea kuipa masasisho.

Mimi kwa laptopu ya kizazi cha 6 ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure, na LibreOffice inayokuja nayo hufungua mafaili ya Word. Uzuri wake waiweka kwenye flashi waiwasha kutoka hapo bila kugusa Windows yako, waonja kwanza. Ukiona haikupendezi wachomoa flashi, hakuna kilichobadilika.

*Fundi haraka!! Nlienda saiba ya hapa Kisauni kuprinti, kurudi nyumbani flashi yote imekuwa shotikati, kazi yangu ya miezi mitatu haionekani. Jamaa aniambia nifomati. – Niko kwa presha*

USIFOMATI, huko ni kuipangusa flashi yote. Dadangu ama kakangu, kunywa maji. Mafaili yako yapo. Hicho ni kirusi ambacho huyaficha mafaili na kuweka shotikati, vijialama vya njia ya mkato tu, za jina lile lile mahali pake, ukiibonyeza ndo waendesha kirusi chenyewe, kwa hivyo usibonyeze hata moja. Tazama ukubwa wa flashi: kama yasema GB 3 zimetumika na wewe waona shotikati tupu, basi hizo GB 3 ndo kazi yako imelala.

Kwenye kompyuta yenye antivairasi hai, skani flashi kwanza. Alafu fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, angalia flashi yako ni herufi gani, tuseme E, uandike hivi na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Inaondoa alama ya kufichwa, hakuna inachofuta. Wakati mwingine mafaili huwa yamewekwa ndani ya folda isiyo na jina, ifungue hiyo. Yakitokea yakopi kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili, kisha futa zile shotikati, na sasa flashi waweza kuifomati ukipenda. Kompyuta uliyoichomeka kwanza uliporudi nyumbani nayo iskani, huenda imeshaambukizwa, na hapo saiba wapelekee habari, maana mtu wa baada yako naye alikuwa anaprinti kitu.