Usitie nanga kwenye maji unayoyaona

Juzi usiku nimetoka kusuuza boti, mgongo unauma, hata chai sijaishika, ikaingia meseji ya kijana mmoja wa Mafia. Nainakili kama ilivyo, jina nimelificha.

"Asalaam alaykum nahodha. Nimenunua boti ya faiba futi 24, napeleka wageni kuangalia papa potwe hapa Kilindoni. Shida yangu ni kupakia. Wageni wanalowa mpaka kifuani, mama mmoja kaangusha simu baharini, na wiki iliyopita boti imelala ubavu mchangani tukaingoja maji nusu siku. Nanga ninayo nzuri. Nifanyeje?"

Akaniambatishia na picha ya hiyo nanga. Nanga kweli nzuri, inang'aa. Nikacheka, halafu nikajionea haya kwa kucheka, maana mimi nilianza hapo hapo alipo yeye. Tena mimi nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sikumuuliza mtu.

Mimi ni mtu wa Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja. Wanaopajua wanajua pwani yetu ilivyo: maji yakijaa yanagonga bustani za hoteli, yakipwa unatembea na ndoo kichwani mpaka karibu na mwamba. Wenzetu wa Kendwa wamejaliwa, bahari yao haiendi mbali, boti inakaa pale pale kutwa. Sisi bahari yetu inasafiri. Na sote tunaosoma hapa tunataka kitu kimoja, usinifiche: boti yako mwenyewe, halafu ya pili, halafu ukae kivulini upige simu vijana waende. Mimi nilipata ya kwanza mwaka 2017. Mambo ya mkopo siyasimulii, kila mtu ana lake.

Nitakusimulia Agosti 2019, mwezi mpevu.

Nilikuwa nimepata hoteli moja iniletee wageni wa kisiwa cha Mnemba, hapo mbele yetu, kila siku. Kazi ya uhakika. Siku hiyo wageni kumi na mmoja, kuondoka saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu niko ufukweni nimevaa shati jeupe, nimesogeza boti mpaka maji ya kiunoni, nikatupa nanga kwa mbwembwe kama navulia papa. Nikasema moyoni, hapa wakifika saa mbili maji yatakuwa ya magotini, watapanda kama wanapanda daladala.

Saa mbili ikafika, wageni hawapo. Nikapiga simu hotelini, naambiwa bado wanakula mayai. Mimi nimesimama namwangalia baharia wangu, naye anaangalia simu yake, na hakuna aliyekuwa anaangalia maji. Nikasikia sauti ndogo, krrr, kama mtu anakwangua sufuria. Nikajua. Tukaruka wawili tukasukuma, boti imeshakaa. Tukaita vijana wanne, wapi. Mashine ya farasi arubaini, tangi limejaa, maji ya kunywa katoni tatu, chombo hakitikisiki. Tumepwelewa.

Wageni wamekuja saa tatu kasorobo na taulo zao mabegani. Wakakuta boti iko juu ya mchanga mkavu, nanga iko mbele yake hatua ishirini, nayo imekaa wazi juani kama kaa aliyekufa. Wakapiga picha. Mmoja alipanda kabisa akajifanya anaendesha.

Lakini lililoniuma si wageni. Wakati huo kina mama wa mwani wanateremka kwenda mashambani kwao, kamba na magunia begani, na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo siku zao. Mmoja, mtu mzima namheshimu kama mama yangu, akasimama akaitazama ile boti, akanitazama na shati langu. "Mwanangu, umeipanda au imeota yenyewe?" Wakacheka mpaka wakapotea machoni. Mpaka leo nikipita njia ya kwao kuna mtoto ananiuliza kama nimeshavuna.

Boti imeelea saa saba na kitu mchana. Pesa za watu nilirudisha. Hoteli ile ikampa kazi mtu mwingine jioni hiyo hiyo, bila hata kunipigia, nimesikia kwa mlinzi wa geti. Sina kinyongo. Ila kila nikipita pale huwa naongeza moto kidogo.

Usiku nikaenda kwa ami yangu, aliyeendesha mashua ya tanga kabla mimi sijazaliwa. Nilitarajia anipe pole. Akaniuliza swali moja: maji yalijaa saa ngapi? Sikuwa najua. Akasema, "Basi wewe umetia nanga kwenye maji ya saa moja na nusu, na wageni wamekuja kwenye maji ya saa tatu. Hayo ni maji mawili tofauti."

Kijana wangu wa Mafia, jibu lako limo humo. Nanga haitiwi kwenye maji unayoyaona. Inatiwa kwa maji yatakayokuwepo mgeni wa mwisho anapoinua mguu.

Kwetu Unguja siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi na kitu, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne kuelekea saa tano. Kila siku husogea mbele karibu dakika hamsini. Baina ya kujaa na kupwa bamvua inaweza kukaribia mita 4. Na hayashuki sawasawa, hapo ndipo nilipoliwa. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza yanashuka kama sentimita 30, saa ya pili 60, saa ya tatu 90, ya nne 90, halafu yanapoa tena 60 na 30. Sasa hesabu: yalijaa saa kumi na nusu alfajiri, mimi natia nanga saa moja na nusu. Nimeingia katikati kabisa ya mbio zake. Maji ya kiunoni kwa kasi hiyo hayamalizi saa nzima chini ya boti. Ningefika kwenye maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa iko kwenye mita moja hivi, ningeweza kulala usingizi.

Kwa hiyo siku hizi hoteli ikinipigia kwamba wageni saa mbili, sisemi sawa. Naangalia mwezi kwanza. Kama maji hayaruhusu nasema saa kumi na mbili na nusu au nasema wapakiwe mahali pengine. Wakikataa, waende kwa mwingine. Nimeshajifunza kwamba aibu ni ghali kuliko safari moja.

Haya, kupakia kwenyewe. Vijana wengi wanakuja na omo, yaani kichwa cha boti, mbele, wanaichomeka mchangani, wageni wanapanda kwa mbele. Bahari ikiwa shwari inapendeza. Likija wimbi kutoka nyuma linaingia kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ambako ndiko kulikofupi na ndiko kulikofungwa mashine, na boti inageuka ubavu huku mtu ana mguu mmoja ndani. Mimi nageuza. Omo inaangalia bahari, tezi inaangalia ufukwe.

Nakuja taratibu, nikiwa bado nje nageuka, baharia anateremsha nanga kwa omo. Anateremsha, harushi. Nanga inayorushwa inajizonga na kamba yake yenyewe. Kisha narudi nyuma polepole, yeye anaachia kamba huku ameishika kwa kiganja, na hapa ndipo pa kumjua baharia. Kamba ikitetemeka, nanga inatambaa. Ikikaza ikanyamaza kimya, imeshika. Namwambia kila baharia mpya afumbe macho asikilize kwa mkono. Wengine wanadhani nawatania.

Ikishashika tunaendelea kurudi mpaka tezi iko kwenye maji ya magotini au mapajani, kutegemea kama yanakuja au yanaondoka. Nazima mashine, naiinua. Siyo naipunguza moto, nazima. Hakuna mguu wa mtu unaoingia majini karibu na rafadha inayozunguka, hata kama ni mtoto wako na anajua kuogelea kama pomboo. Baharia wa pili anaruka na kamba ya tezi, anaenda kufukia nanga ndogo mchangani. Ikiwa mkondo unavuta kwa ubavu, anaifukia upande unakotoka mkondo, siyo nyuma moja kwa moja. Sasa boti imeshikwa pande mbili, haiyumbi, ngazi inashuka, watu wanapanda.

Na maji yakiwa yanapwa, mtu mmoja kazi yake ni kuvuta kamba ya omo na mwenzake kulegeza ya tezi, kidogo kidogo, boti itembee na maji. Mtu huyo hashiki simu. Narudia: hashiki simu.

Kamba. Uliniambia nanga nzuri, hukuniambia kamba. Nanga inashika kwa sababu inavutwa kwa kulala, ikivutwa kwenda juu inang'oka kama muhogo. Hesabu kina cha maji pale nanga ilipo, ongeza maji yatakayojaa ukiwa hapo, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye maji, kisha zidisha mara tano. Upepo ukiwa mkali mara saba. Mfano, nanga kwenye maji ya mita moja na nusu, yatajaa mita tatu zaidi, omo mita moja: jumla tano na nusu, mara tano, mita 27 na nusu. Ndiyo pima kumi na tano za wazee. Utashangaa wangapi wana pima sita na wanailaumu nanga. Funga na mnyororo kidogo baina ya kamba na nanga, uzito wake unailaza.

Kwenye picha yako naona ni ile ya meno manne ya nondo. Hiyo ni ya mawe. Kwenye mchanga inachana tu kama kitana. Tafuta yenye mabapa mawili yanayochimba. Na usije ukatupa yoyote juu ya matumbawe, tafadhali, mchanga upo mwingi. Tukiyavunja hayo, wageni tutawapeleka kuangalia nini?

Upepo utajifunza mwenyewe. Kwetu upepo wa kusi unatujia usoni, maji yakijaa juu ya mwamba wimbi linaingia mpaka ufukweni, siku hizo sipakii maji yakiwa yamejaa kabisa hata kama kina kinapendeza. Nangoja mwamba uanze kuyakata. Wewe Kilindoni umeelekea magharibi na wageni wa papa potwe wanakuja msimu wa kaskazi, umebebwa, huna sababu ya kulowesha mtu kifua.

Na hili niseme ingawa hukuuliza. Tunakimbilia mashine kubwa, maturubai yenye rangi, spika za muziki. Papasi, wale vijana wa kutafuta wageni ufukweni, anakusifia boti, unavimba. Mgeni hakumbuki mashine yako ya farasi wangapi. Anakumbuka alivyopanda na alivyoshuka. Akivuliwa heshima yake mbele ya mumewe, nguo imepanda, anavutwa mikono na vijana wawili kama gunia la mwani, hata umuonyeshe pomboo mia ameshaharibikiwa. Unahodha huanza kabla boti haijaondoka. Nalisema hili kila siku na kila siku vijana wananiambia nahodha unazeeka. Sawa, nazeeka.

Mwezi uliopita nilipakia bibi mmoja wa Kijerumani, miaka sabini na nane, goti moja la chuma, wanawe wanne wanamzuia asije. Nilikuwa nimewaambia saa tatu, siyo saa moja waliyotaka. Maji yalikuwa yanajaa polepole, yananyanyua boti kidogo kidogo wala hayaikwangui. Bibi akaja amekunja suruali mara mbili, akashika ngazi, akapanda mwenyewe. Hakulowa hata pindo. Alipokaa akamtazama mwanawe mkubwa kwa jicho ambalo halihitaji tafsiri. Wa mwani walikuwa wanapita, na yule mama yangu alikuwepo. Hakusema kitu. Kwake yeye, hiyo ni sifa.

Sasa kijana, nitumie vitu viwili: urefu wa kamba yako kwa mita, uliopimwa siyo wa kukisia, na saa ambayo maji yatajaa Kilindoni Jumamosi hii. Usiniambie umeangalia kwenye simu tu, shuka ufukweni uulize wavuvi halafu ulinganishe. Na hiyo ngazi ya bati inayoonekana nyuma ya picha irudishe kwa fundi aongeze vidaraja viwili chini, kwa sababu kidaraja cha kwanza kiko juu ya goti la mtu mzima.