Mbona udongo laini hutikisika kuliko mwamba?

SWALI: Mhandisi, nimesoma kwamba mawimbi ya tetemeko la ardhi hukimbia sana kwenye mwamba, kisha hupunguza mwendo yakiingia kwenye udongo laini. Mbona basi majengo yaliyo juu ya udongo laini ndiyo yanayoumia zaidi? Nilidhani udongo ungeyafyonza mawimbi hayo kama godoro.

JIBU: Ulichosoma ni kweli, na jibu lako limo humohumo. Udongo hutikisika sana kwa sababu mawimbi yamepunguza mwendo.

Chukua mawimbi S, yale yanayoyumbisha ardhi ubavu kwa ubavu. Chini kwenye mwamba mgumu huenda kama kilomita 3 kwa sekunde. Kwenye mfinyanzi laini hushuka hadi mita 100 au 200 tu. Nishati ya nyuma ingali inawasili ilhali ya mbele inajikokota, kwa hiyo inasongamana, na ardhi hulazimika kuyumba kwa upana zaidi ili kuibeba. Tazama wimbi la bahari linapokaribia ufuo: kina kikipungua linapoteza kasi, na papo hapo linainuka.

Halafu kuna jambo baya zaidi. Udongo ukiwa umelala juu ya mwamba, mawimbi hunaswa ndani yake. Yanagonga uso wa ardhi, yanarudi chini, yanagonga mwamba, yanapanda tena. Kila tabaka lina mpigo wake wa kuyumba, na hesabu yake ni rahisi: zidisha unene kwa nne, ugawe kwa kasi ya mawimbi S. Tabaka la mita 40 lenye kasi ya mita 80 kwa sekunde huyumba mara moja kila sekunde 2. Jengo lenye mpigo unaokaribia huo husukumwa kama bembea, kila msukumo ukija kwa wakati wake.

Ndivyo ilivyokuwa Mexico City tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini, lakini sehemu zilizojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale ziliyumba kwa mpigo wa kama sekunde 2. Yaliyoumia zaidi ni majengo ya urefu wa kati, ya ghorofa 6 hadi 15 hivi. Nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki zimesimama.

Godoro lako halikukosea kabisa. Mtikisiko ukiwa mkali mno, chembe za udongo husuguana na kula sehemu ya nishati, hasa ile ya mitetemo ya harakaharaka. Mimi nisingelitegemea kujengea.

Ukipima kiwanja chako, angalia kasi ipi imeandikwa kwenye ripoti. Mawimbi P, ya kusukuma na kuvuta, hupita hata majini, hivyo udongo teketeke uliojaa maji unaweza kuonyesha mita 1,500 kwa sekunde na kuonekana imara. Hiyo ni kasi ya maji. Mawimbi S hayapiti majini, hubebwa na chembe za udongo peke yake. Omba wastani wa kasi yake katika mita 30 za juu.