Wasomaji Wanauliza: Duara Lililokatika Barazani, Fuvu Lililolala Upande

SWALI: Wahariri, salaam. Kikundi chetu kilichora duara jekundu la mita 2 linalopita kwenye nguzo mbili za baraza na ukuta wa nyuma, ili mtu akisimama mahali pamoja alione zima, kama limeelea hewani. Usiku tuliweka projekta mezani, nguzo zikiwa mita 3 mbele na ukuta mita 6, tukafuatisha mwanga kwa penseli. Asubuhi tumesimama palepale, vipande vya nguzoni vimeshuka, havikutani na vya ukutani. Fundi anasema nguzo zimepinda. Juu ya hayo, rangi ya maji imeanza kubanduka ukutani. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe.
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Nguzo hazina kosa. Inama mpaka jicho lifike pale ilipokuwa lenzi, utaona duara linajifunga. Meza ya kawaida ina sm 75 hivi na jicho la mtu mzima aliyesimama liko karibu sm 155, kwa hiyo mmehama sm 80 kwenda juu bila kujua.

Hesabu yake ni hii: chukua kiasi ulichohama, zidisha kwa umbali kati ya nguzo na ukuta, gawanya kwa umbali kati ya jicho na nguzo. Kwenu ni 80 × 3 ÷ 3, yaani mpasuko wa sm 80 ukipimwa ukutani. Duara lote lina mita 2, litakosaje kukatika? Hata anayesogea sm 10 tu kando anaona mpasuko wa sm 10. Mkirudi nyuma hadi nguzo ziwe mita 9 na ukuta mita 12, sm 10 zilezile zinazaa mpasuko wa sm 3 na kitu, na mtazamaji anapata nafasi ya kupumua. Kama uwanja unaruhusu, chagueni huko.

Basi rudieni hivi. Wekeni alama ya kudumu chini. Angusheni timazi kutoka kwenye lenzi yenyewe (si katikati ya boksi la projekta) mpaka iguse alama, na lenzi ikae sm 150 kutoka chini. Projekta ikiangalia juu kidogo si neno, bali isihame mpaka mstari wa mwisho ukamilike. Umeme ukikatika, taa ya simu inatosha: isimamisheni mahali pa jicho, na mita 1 mbele yake wekeni boksi lililotobolewa duara la sm 33. Ukuta ukiwa mita 6, hilo linatoa duara la mita 2. Taa yenye upana wa mm 4 itatia ukungu wa sm 2 ukingoni, nanyi mpige mstari katikati ya ukungu. Mkisogeza boksi hadi nusu mita kutoka kwenye taa, ukungu unapita sm 4 na mstari unakuwa wa kubahatisha.

Rangi ni shauri jingine. Ukuta wa matumbawe na chokaa hufyonza maji na kuyatoa. Rangi ya maji ya dukani inaufunika kama plastiki, unyevu na chumvi vinakusanyika nyuma yake, kisha vinaisukuma. Kwangueni yote, mtumie chokaa iliyolowekwa na kuchujwa, ikichanganywa na rangi ya unga ya udongo mwekundu, tabaka 3 au 4 nyepesi juu ya ukuta uliolowanishwa. Tepu ya karatasi msiibandike, itang'oka na chokaa. Ukingo upigwe kwa brashi nyembamba. Felice Varini, Mswisi aliyebobea katika michoro hii, mwaka 2018 alizungushia ngome ya Carcassonne, Ufaransa, maduara ya njano kwa vipande vyembamba vya alumini vya kubandua. Kwenye mawe ya zamani, kitu kinachoondoka kina heshima yake.

SWALI: Mimi ni mchongaji. Nimeona picha za mafuvu ya mchongaji Mmarekani Robert Lazzarini, yamevutwa upande kama yanayeyuka. Nimejaribu kichwa cha mpingo cha namna hiyo, watu wanasema nimekosea kuchonga. Na taya limevunjika.
*Msomaji, Newala*

JIBU: Kwanza jua unachokifuata. Fuvu lililovutwa alilochora mchoraji Holbein mwaka 1533, lililoko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, linanyooka ukilitazama kutoka upande wa kulia karibu na ukuta. Mafuvu ya Lazzarini ya mwaka 2000 hayanyooki popote uendapo. Jicho linazunguka likitafuta pa kusimama, halipati. Kinyago cha shetani cha Kimakonde nacho kinapinda mwili, ila hakikuahidi kunyooka, ndiyo maana hakisumbui kwa namna hiyo.

Wanaosema umekosea huenda wameona uso umepinda huku kisogo kimebaki wima. Mpindo lazima upite kichwa kizima. Finyanga kwanza kichwa cha kawaida cha udongo, kimo sm 30. Kikikauka nusu, kikate kwa waya vipande 15 vya sm 2, kisha kila kipande kisukume mm 6 kulia kuliko cha chini yake. Cha juu kabisa kitakuwa kimehama mm 84. Lainisha maungio na uchonge ukifuata mfano huo. Meno, mishono ya fuvu na matundu ya macho yawe makali na kamili, hata kama yamelala. Ukiyalegeza, jicho linasema "kazi mbovu" na kupita.

Taya limevunjika kwa sababu ya nyuzi za mti. Mpindo huo ni pembe ya digrii 17 hivi. Gogo likisimama wima, nyuzi za mti zinakatwa fupi kwenye kila ncha nyembamba. Lilaze gogo kwa pembe hiyohiyo kabla ya tezo, nyuzi zifuate mpindo. Tena gogo lililosimama wima lingedai upana zaidi: uso wa sm 18 ungetaka zaidi ya sm 26. Hata likilazwa, mpingo wenye kiini cheusi kipana kisicho na ufa ni adimu. Punguza vipimo vyote nusu.

SWALI: Kwa nini mchoro wa kutazamwa kutoka mahali pamoja, kama duara la kuelea hewani, unakaa vizuri kwenye picha ya simu, kwa macho unayumba?
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Simu inatazama kwa jicho moja. Wewe una mawili, yameachana kama sm 6, na jicho moja likiwa mahali sahihi la pili limeshahama. Fumba moja. Kwenye maonyesho, simika ubao wenye tundu la sm 1 kwa kimo cha sm 150 watu wachungulie. Tundu la pili la chini kwa ajili ya watoto usitoboe, kwani kwao duara litakatika. Mtoto apandishwe kigodani.