Maswali ya wasomaji: Kisicho na rangi kinaitwaje kwa kingereza?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi naandika hadithi fupi kwa kingereza na mhariri wangu kanirudishia kazi anasema nimetumia "dull" kila mahali, ukuta dull, nguo dull, uso wa mgonjwa dull, mpaka hali ya hewa dull. Anataka nibadilishe ila nikifungua kamusi naona maneno kibao na yote yameelezwa kama vile ni kitu kimoja. Nichague vipi?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako hajakosea lakini na "dull" nayo usiichukie, ni neno zuri tu ila limebebeshwa mizigo mingi mno. Zamani lilikuwa la mtu mzito wa akili, na leo ndo hilohilo la kisu butu, la maumivu ya chinichini yasiyochoma, la kishindo kizito, la siku ya mawingu na la rangi isiyong'aa. Kwa hiyo msomaji akikuta "dull" peke yake anajua kuna kitu kimepungua ila hajui ni kitu gani, na kazi yako wewe mwandishi ni kumwambia hicho kilichopungua, ni mng'ao, ni rangi, ni mwanga, ni usafi au ni uhai.

Tuanze na nguo. Kama ilikuwa na rangi halafu jua na sabuni vimeila, hiyo ni "faded", imepauka. Neno hilo halina ubaya wowote, jinzi zinauzwa kwa sifa hiyohiyo. Kama nguo haikuwahi kuwa na rangi ya kumvuta mtu tangu siku ya kwanza, ile kahawia-kijivu inayochosha macho, hapo sema "drab". Neno hili lina historia tamu, limetoka kwenye neno la kifaransa la kitambaa, na kingereza wakalitumia kwa kitambaa kisichotiwa rangi, halafu likawa jina la ile rangi yenyewe, na mwisho likawa la kila kitu kisichochangamka, hata maisha ya mtu. Jeshi la Marekani kwenye vita kuu ya pili walivaa rangi iliyoitwa "olive drab" na hapo hakuna aliyekuwa anatukanwa. "Beige" nayo ina safari kama hiyo, ilianzia kwenye kitambaa cha sufu ambayo haijatiwa rangi. Na kaki yetu hii ya sare ni kutoka kiajemi na kiurdu, maana yake ya rangi ya vumbi. Sasa angalia hapo, nguo tatu za rangi zinazokaribiana, lakini "drab" ndo imekuwa tusi, "khaki" imebaki salama, na "beige" siku hizi watu wanaanza kuitumia kwa mtu asiye na ladha wala msimamo, kwa hiyo angalia sana unamwambia nani.

Ukuta ni habari nyingine. "Dingy" ina uchafu ndani yake na giza kidogo, chumba ambacho moshi na mikono ya watu vimekifubaza na dirisha halileti mwanga wa kutosha. Ukuta uliopakwa kijivu jana ukiuita "dingy" umemwonea fundi. Kama rangi haing'ai kwa makusudi hiyo ni "matt", wamarekani wanaandika "matte", na ni sifa ya kiufundi tu. Shaba au fedha iliyopoteza mng'ao kwa kukaa na hewa ni "tarnished", na usihamishie neno hilo ukutani, ni la madini, na la jina la mtu likichafuka.

Uso ndo penye utajiri zaidi na ndo wengi wanapoharibu. "Pale" ni la kawaida, damu imepungua usoni. "Pallid" ni ndugu yake wa kilatini, limevaa suti kidogo, na lina dalili ya ugonjwa. "Ashen" ni uso wa rangi ya jivu na mara nyingi unatokana na hofu au mshtuko, yaani mtu kapewa habari mbaya sasa hivi. "Sallow" ni wenye umanjano wa kutokuwa na afya. "Wan" ni uchovu na huzuni pamoja, unaweza hata kusema tabasamu ni "wan", na cha ajabu kwenye kingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya giza, weusi kabisa, likageuka taratibu mpaka likafika upande wa pili. Ukiwa unajua kusawijika kwetu hutashangaa sana. Ila "livid" liache kwanza, asili yake ni rangi ya jeraha lililovilia damu, lakini leo ukiandika uso wa mgonjwa ni "livid" wasomaji wengi watadhani amekasirika vibaya sana, daktari ajihadhari.

Hali ya hewa nakuachia "dull" yako, hapo inakaa vizuri tu, au "leaden" kama mbingu imekuwa nzito ya rangi ya madini ya risasi.

SWALI: Mtihani wa kemia nimeandika kimiminika ni "clear" nikakosa alama, rafiki yangu kaandika "colourless" kapata. Si ni kitu kilekile jamani?

JIBU: Si kilekile na msahihishaji yuko sawa. "Clear" inasema unaweza kuona upande wa pili, "colourless" inasema hakuna rangi. Chukua mchanganyiko wa kopa salfeti kwenye maji, unaona upande wa pili vizuri kabisa, ila ni wa bluu, kwa hiyo ni "clear" na sio "colourless". Na wakati mko huko msichanganye na "discoloured", hiyo haimaanishi hakina rangi, inamaanisha rangi imebadilika na kuharibika, kama meno au karatasi ya zamani.

SWALI: Dada yangu kanunua gauni la rangi ya kupoa, sio la kuwaka. Nilimwandikia kwa kingereza kuwa ni "dull" akaninunia. Ningesemaje?

JIBU: Pole, kununa kwake kuna haki. Rangi iliyopoa kwa uzuri ni "muted" au "subdued", na kama ni nyepesi ya kupendeza ni "pastel" au "soft". "Plain" ungeweza kutumia kama gauni halina maua wala michoro, maana "plain red" ni nyekundu tupu na inaweza kuwaka kama moto, ila usiseme yeye mwenyewe ni "plain" kwa sababu hapo umemwambia hana sura. Mwandikie tena leo, weka "muted", na usimweleze hayo mengine yote.