Kujiandaa kwa mashindano ya kwanza ya baiskeli

Ndugu, umeuliza kama mwendesha baiskeli wa ridhaa anaweza kushindana barabarani bila baiskeli ya bei kubwa. Anaweza. Katika mashindano yangu ya kwanza nilichomoka mapema, nikapambana peke yangu na upepo wa baharini hadi miguu ikakakamaa, ilhali wenzangu waliokuwa wakipokezana kutangulia walinipita wakiwa bado na nguvu, kwa kuwa anayefuata nyuma ya mwenzake hukingwa upepo. Jifunze kwanza kwenda katika kundi, hasa alfajiri ya Jumapili kwenye Barabara ya Bagamoyo, kabla daladala hazijawa nyingi. Kunywa maji mapema, maana unyevu wa hewa ya Dar es Salaam huchelewesha jasho kukauka na mwili hupata joto haraka. Kofia ngumu, tafadhali, usiiache.