Ilhamu haiitwi kwa M-Pesa

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Ahero. Naandika riwaya tangu mwaka jana lakini nimekwama sura ya tatu. Kuna usiku naandika kurasa kumi, kisha miezi miwili inapita sina hamu kabisa. Nimeona kozi ya WhatsApp ya shilingi 3,500, wanafundisha kuita ilhamu. Nijiunge?

JIBU: Usitume hata senti, mwalimu.

Maswali kama haya hayaniishii hapa Kisumu, na yote yana neno lile lile: hamu. Unapoingia Gredi ya Nne Jumatatu asubuhi, huwa una hamu? Unaingia kwa sababu kengele imelia.

Hizo kurasa kumi ndizo zinazokumaliza. Ukirudi baada ya miezi miwili umeshasahau mamake mhusika anaitwa nani, kwa hiyo unasoma upya tangu mwanzo, unarekebisha sura ya kwanza, usiku umekwisha. Miswada mingi inayonifikia iko hivyo: sura ya kwanza imepigwa pasi hadi inang'aa, ya pili ina viraka, ya tatu imekatikia njiani.

Andika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 40 ni maneno 60,000, hata kama nusu ni ya kufuta. Kufuta kuna siku yake. Unapofunga daftari, acha sentensi nusu, kesho upate pa kushikia. Na usiniambie muda hakuna: Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya alitoa.

Sasa hawa wa kozi. Waulize wametoa kitabu gani, watakutumia picha ya cheti. Kuna kijana alikuja ofisini na chake kimetiwa plastiki, amelipia "riwaya kwa siku saba". Nikamwomba muswada. Akatoa simu, akanionyesha jalada: jina lake kwa rangi ya dhahabu, machweo juu ya ziwa. Ndani hamna kitu. Wengine siku hizi wanauza programu za kukuandikia. Kazi hizo huwa nazitambua kufikia aya ya pili, maana wahusika wote, nyanya na mjukuu, wanaongea kwa sauti moja. Na akitokea "mchapishaji" anayetaka pesa kabla hajasoma hata ukurasa mmoja, usimjibu. Mbloki.